Nani anaruhusiwa kuingia? Historia fupi ya maktaba za umma, toka Lwiro mpaka Nairobi na Dar es Salaam



Toka mwaka huu uanze, kila tukikutana wazo moja linarudi: tukusanye vitabu, tufungue maktaba ya watu wote hapa Goma. Kila mtu anakubali. Mmoja anasema yuko na katoni mbili nyumbani, mwingine anasema shangazi yake wa Ubelgiji anaweza kutuma. Kisha tunaachana, na wazo linalala mpaka mkutano mwingine. Mimi nilisoma historia, na ugonjwa wa watu wa historia ni kuuliza: wengine walifanyaje mbele yetu? Basi nimechukua muda kusoma habari za maktaba chache za upande wetu huu wa Afrika, na ninawaletea nilichokipata.

Niseme mapema ninakokwenda. Kwa kila maktaba niliyosoma habari zake, vitabu havikuwa shida ya kwanza. Maswali mawili ndiyo yaliamua mambo: nani anaruhusiwa kuingia, na nani analipa kila mwezi. Tukikosa kuyajibu hayo, hata tukipata kontena nzima ya vitabu, tutakuwa tumefungua depo tu.

1. Tulicho nacho sasa

Tusidanganyane, vitabu viko Goma. Vyuo vikuu vyetu viko na bibliotheki zao. Taasisi za utafiti sawa na Pole Institute zimechapisha kazi nyingi juu ya Kivu. Maparokia, mashule na vituo vya utamaduni, kila kimoja kiko na rafu zake. Lakini kwenye milango mingi ya namna hii kuna swali linakungoja: wewe ni wa wapi? Uko na kadi? Nani alikutuma?

Mwanafunzi wa chuo atajibu. Lakini mama anayeuza makala kwenye soko la Virunga, ambaye anataka kusoma jinsi ya kutunza mtoto mwenye homa, atajibu nini? Na motari aliyeacha masomo mwaka wa tano wa sekondari, ambaye bado anapenda historia kuliko mimi? Na mtoto wa Ndosho ambaye kwao hakuna hata kitabu kimoja zaidi ya Biblia?

Sisi wenyewe tulisoma namna gani? Kwa sillabusi na fotokopi. Memwari yangu niliiandika kwa kutegemea fotokopi za fotokopi, zile ambazo mstari wa pembeni umekwisha kumezwa na mashine na unabaki kukisia neno. Leo wadogo zetu wanasoma PDF kwenye simu, na umeme ukikatika, masomo yamekwisha. Hayo ndiyo maisha, na tumeyazoea. Lakini kuzoea jambo hakulifanyi kuwa sawa.

2. Lwiro: hazina ya wataalamu

Tuanze karibu. Ukichukua boti toka hapa mpaka Bukavu, kisha ukafuata njia ya Kavumu, unafika Lwiro, pembeni ya mbuga ya Kahuzi-Biega. Mwaka 1947 Wabelgiji waliunda taasisi ya utafiti iliyoitwa IRSAC, na makao yake makuu yakajengwa pale. Leo inaitwa CRSN-Lwiro. Walichunguza mitetemeko ya ardhi, volkano, wanyama, mimea, na chakula cha watoto. Kwa kazi hiyo walijenga maktaba nzuri yenye rafu za mbao, iliyojaa vitabu na majarida ya sayansi. Vita vya Kivu vimepita mara ngapi pale? Hata hivyo wageni waliofika Lwiro miaka mingi kiisha uhuru waliikuta maktaba ile ingali imesimama, na wafanyakazi wanaitunza.

Sisi watu wa Kivu tunapaswa kujivunia Lwiro. Lakini tuone pia ilijengwa kwa ajili ya nani. Ilikuwa ya watafiti. Mlimaji wa Katana aliyeishi hatua chache toka pale hakuwa amefikiriwa kama msomaji. Yeye alikuwa kitu cha kuchunguzwa.

Na hiyo ilikuwa sawa na mpango wote wa koloni. Mwaka 1948 serikali ilianzisha kadi ya sifa ya kiraia kwa Wakongomani walioitwa évolués, na mwaka 1952 ikaongeza hatua nyingine iliyoitwa immatriculation. Uliomba, ukachunguzwa, mpaka namna unavyoishi nyumbani ikaangaliwa, ndipo ukaambiwa kama umestaarabika au bado. Patrice Lumumba, wakati ule karani wa posta kule Stanleyville, aliipata mwaka 1954. Mtu huyu hakuwa na chuo kikuu. Alijifundisha kwa kusoma sana na kwa masomo ya kutumiwa kwa posta, na akawa anaandika kwenye gazeti La Voix du Congolais. Fikiria: mtu ambaye kiisha miaka sita atakuwa Waziri Mkuu, kwanza alipaswa kuomba cheti cha kuonyesha kwamba ni mtu wa kusoma.

Matokeo tunayajua. Tarehe 30 Juni 1960, Kongo nzima, nchi kubwa hivi, Wakongomani waliokuwa na diplome ya chuo kikuu hawakufika 30. Elimu ilikuwepo, vitabu vilikuwepo, lakini mlango ulikuwa mwembamba kwa makusudi.

3. Nairobi: nyumba nzuri, mlango wa rangi

Sasa tuvuke mpaka. Wengi wetu tuko na ndugu Nairobi, na pengine umewahi kupita kwenye barabara ya Banda, karibu na msikiti wa Jamia, ukaona jengo la nguzo kubwa nyeupe na simba wawili wa mawe mbele yake. Ile ndiyo McMillan Memorial Library.

Habari yake ni hii. William Northrup McMillan alikuwa tajiri Mmarekani, mzaliwa wa Saint Louis, aliyehamia Kenya mwanzoni mwa karne ya 20 na kuwa na mashamba makubwa upande wa Juja. Theodore Roosevelt alipokuja kuwinda mwaka 1909, alilala kwake. McMillan alikufa mwaka 1925 na akazikwa kwenye mlima wa Ol Donyo Sabuk. Mjane wake, Lucie, akajenga maktaba kwa ukumbusho wake, na shirika la Carnegie la Marekani likasaidia kwa pesa. Ilifunguliwa mwaka 1931. Mwaka 1938 ikapewa sheria yake ya pekee, na mpaka leo jengo lile linalindwa na sheria hiyo.

Basi tazama: jengo liko, vitabu viko, sheria iko, pesa ziko. Lakini kwa miaka zaidi ya 25 Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Wala Mhindi. Ilikuwa ya wazungu peke yao. Mwafrika aliingia kwa kufagia. Mlango ulifunguliwa kwa watu wote mwaka 1958, na mwaka 1962 maktaba ikakabidhiwa kwa Baraza la Mji wa Nairobi.

Hapo ndipo swali la pili lilipojitokeza. Mlango umefunguka, sasa nani analipa? Mji ulirithi jengo kuu pamoja na matawi mawili upande wa mashariki, Kaloleni na Makadara, mahali wanapokaa watu wa kazi. Miaka ikapita, bajeti ikawa ndogo, paa likaanza kuvuja, vitabu vikazeeka, magazeti ya zamani sana yakabaki kwenye vumbi. Watoto wa shule waliendelea kuja, juu walihitaji meza na utulivu hata kama kitabu kilikuwa cha mwaka wa 47.

Mwaka 2017 wanawake wawili, Wanjiru Koinange ambaye ni mwandishi na Angela Wachuka ambaye ni mchapishaji, walianzisha shirika linaloitwa Book Bunk. Mwaka uliofuata wakapatana na serikali ya kaunti ya Nairobi kuzirekebisha zile maktaba tatu. Tuangalie vizuri walichofanya. Hawakuanza na jengo la nguzo na simba. Walianza na Kaloleni na Makadara. Waliwauliza watu wa mtaa wanataka nini, wakapaka rangi, wakaweka meza, wakaleta vitabu vya waandishi wa Afrika, wakaanzisha saa za watoto na mikutano ya usomaji. Walihesabu pia vitabu vilivyomo na kuanza kupiga picha za karatasi za zamani ili zihifadhiwe kwenye kompyuta. Na mali ilibaki ya umma. Hawakujitengenezea maktaba yao ya pembeni.

Mimi hapo ndipo niliposimama na kufikiri juu ya chama chetu. Vijana wenye masomo wanaweza kusaidia mji kutunza mali ya mji. Lakini ni lazima mji wenyewe uwe umesema: hii ni yangu.

4. Dar es Salaam: sheria kwanza

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, haikuwa na mfumo wa maktaba wa nchi nzima. Kulikuwa na kazi ya East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948 kwa ajili ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Bureau ile ilichapisha vitabu vya Kiswahili na lugha nyingine, na ilituma masanduku ya vitabu kwenye vijiji na mashule. Sanduku linakaa kwa muda, watu wanasoma, kisha linabadilishwa na jingine. Mwaka 1960 mtaalamu wake, Sydney Hockey, aliandika ripoti akisema kila nchi inahitaji huduma ya maktaba ya taifa, chini ya sheria, na pesa toka serikalini.

Tanganyika ilisikia. Mwaka 1963 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda bodi ya huduma za maktaba. Wakati sheria inapita, jengo kubwa halikuwepo bado. Maktaba Kuu ya Taifa kule Dar es Salaam ilifunguliwa na Rais Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, siku ya uhuru, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha. Mwaka 1975 sheria mpya ikapanua kazi ya bodi.

Huduma zake ni mfano mzuri wa kile tunachokiita maktaba ya mji. Kuna chumba cha kusomea, na humo mtu anaweza kukaa siku nzima bila kuulizwa cheo chake. Kuna kuazima, kwa uanachama. Kuna upande wa watoto. Kuna magazeti. Kuna sheria inayowataka wachapishaji wapeleke nakala za vitabu vyao, ili kisipotee kitu kilichoandikwa nchini. Kuna maktaba za mikoa, na kuna chuo kule Bagamoyo cha kufundisha wakutubi, maana mtunza maktaba ni fundi, hawezi kuwa mtu yeyote aliyekosa kazi nyingine.

Na kulikuwa na sababu kubwa nyuma ya yote. Miaka ya 1970 Tanzania ilifanya kampeni ya kufundisha watu wazima kusoma. Kwa hesabu za serikali yenyewe, watu wazima wasiojua kusoma walishuka mpaka asilimia 27 mwaka 1977, wakati miaka kumi mbele yake walikuwa zaidi ya nusu. Lakini mtu aliyejifunza kusoma akikosa cha kusoma, anasahau. Ndio maana maktaba za vijiji na magazeti ya vijijini yalianzishwa. Kusoma ni sawa na njia ya porini, usipopita majani yanaifunga.

Nisiwadanganye kwamba kule mambo yote ni mazuri. Miaka ya 1980 uchumi ulipoanguka, pesa za kununua vitabu zilipungua sana, maktaba nyingi za mikoa zikabaki na vitabu vya zamani, na za vijiji nyingi zikafa. Lakini mfumo haukufa. Juu ya nini? Juu ulikuwa na sheria, ofisi, na mishahara. Serikali ikiwa maskini, maktaba inakonda. Lakini maktaba ya rafiki mmoja mwenye moyo mzuri, siku yule rafiki anapohama, inafungwa.

5. Turudi Goma

Sasa sisi. Mji wetu uko na mambo yake ambayo Nairobi na Dar hawana.

La kwanza ni Nyiragongo. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilishuka, ikapasua mji katikati, ikachoma kanisa kuu na biashara za Birere, na ikaingia ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ikashuka tena, ikasimama pembeni ya mji, na siku chache baadaye mitaa kumi ikaambiwa ihame. Kila mmoja wetu anajua watu walibeba nini: magodoro, sufuria, watoto, karatasi za shule kwenye mfuko wa plastiki. Vitabu viliachwa, na hakuna wa kumlaumu. Mji uliokaa chini ya volkano, na ambao vita vimeupita mara nyingi, hauwezi kuweka vitabu vyake vyote mu nyumba moja. Unahitaji sehemu ndogo nyingi, na nakala ya kila kitu muhimu kwenye kompyuta mahali pengine. Kaloleni na Makadara zinatufundisha hilo kuliko jengo la nguzo.

La pili ni usafiri. Kenya, toka mwaka 1996, huduma yao ya taifa ya maktaba imekuwa ikitumia ngamia kupeleka masanduku ya vitabu kwa wafugaji wa kaskazini mashariki, upande wa Garissa na Wajir. Sisi hatuna ngamia. Tuko na chukudu. Chukudu inayobeba magunia ya viazi na makala haitashindwa kubeba sanduku la vitabu toka Himbi mpaka Mugunga. Nasema hivyo bila mzaha. Sanduku moja, shule moja, wiki mbili, kisha linasogea.

La tatu ni mamlaka. Sheria ya Oktoba 2008 juu ya vyombo vya utawala wa chini inaupa mji na komine utu wao wa kisheria na bajeti yao. Maana yake, Goma inaweza kuwa na mstari mmoja kwenye bajeti unaoitwa maktaba, hata kama mwanzoni ni mshahara wa mtu mmoja na kodi ya chumba kimoja. Najua hali ya sasa. Najua kuna mambo ya haraka kuliko vitabu, na sitaki mtu aliyehamishwa mara tatu aniambie ninaota. Lakini wenzetu waliosoma sheria wanaweza kuandaa maandishi leo, yakae tayari. Tanganyika iliandika sheria miaka minne mbele ya kufungua mlango wa Maktaba Kuu.

La nne ni lugha. Toka mwaka 2022 nchi yetu imo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa kwenye katiba yetu. Lakini jaribu kutafuta kitabu cha sayansi au cha riwaya kwa Kiswahili hapa mjini. Kule Dar na Nairobi vinachapishwa kila mwaka. Mlango wa maktaba unaweza kuwa wazi kabisa na mama wa soko la Virunga bado akabaki nje, kama kila kitabu ndani ni cha Kifaransa cha chuo kikuu.

6. Ninachopendekeza

Wandugu, katoni zikae kwanza. Tuanze na mambo matatu ambayo hayahitaji pesa ya mtu wa nje.

Kwanza, tuandike kwa ukurasa mmoja nani ataruhusiwa kuingia. Jibu langu: mtu yeyote, bila kadi ya mwanafunzi, bila barua ya kanisa, bila kuuliza kabila wala mtaa. Tukishindwa kukubaliana juu ya ukurasa huo, tusiendelee.

Pili, tutafute tutalipaje mtunzaji mmoja kwa mwaka mzima, hata kwa mchango wa dola moja moja kwa mwezi. Tukipata watu mia wa kutoa bila kukosa, tumeanza. Tukipata watu mia wa kupiga makofi, bado. Na tangu siku ya kwanza tupeleke barua kwenye ofisi ya mji, ijulikane kwamba mali hii siku moja itakuwa ya mji.

Tatu, na hili naliomba kwa kila anayesoma hapa. Kila mmoja wetu aliandika memwari. Kuna aliyeandika juu ya maji ya ziwa Kivu, kuna aliyeandika juu ya mazuku, juu ya bei ya maharagwe, juu ya wamama wa mpaka mdogo, juu ya mashamba ya Masisi. Ile ni historia ya mji huu iliyoandikwa na watoto wake, na nyingi ziko nakala moja kwenye kitivo, nyingine chini ya kitanda. Lava ikishuka kesho, zimekwenda. Tuanze hapo. Kila mtu alete nakala ya pili, ya karatasi au ya faili, na tuziweke pamoja kwa majina, mwaka na somo. Hivyo sanduku la kwanza litakaloingia kwenye chukudu litakuwa na kitu ambacho hakuna shangazi wa Ubelgiji anayeweza kututumia.

Mimi yangu nimeishapiga kopi. Iko mezani, inangoja wenzake.